Marietta, Ohio: mji uliochorwa kwenye karatasi kabla shoka halijagusa mti

Marietta uko pale Mto Muskingum unapoingia Mto Ohio, kusini-mashariki mwa jimbo la Ohio, na leo una wakazi wapatao 13,000. Simulizi inayorudiwa kila mara ni kwamba wanaume 48 waliteremka na mashua tarehe 7 Aprili 1788, wakakuta msitu mtupu, wakaufyeka, na mji ukaota. Ni simulizi tamu, lakini imeacha nje mambo yote mazito: ardhi ilikuwa ya nani, nani aliilipia na kwa nini mji ule ulibaki mdogo.

Dhana: Ulikuwa mji wa kwanza Ohio, juu ya ardhi isiyo na watu

Cheo halisi cha Marietta ni kirefu kidogo, na kila neno lake lina kazi: makazi ya kwanza ya kudumu ya raia wa Marekani, yaliyopangwa rasmi, katika Northwest Territory, eneo la Marekani la kaskazini mwa Mto Ohio ambalo lilikuwa bado halijawa majimbo. Ukilipunguza neno moja, habari inakuwa ya uongo. Wamisionari wa Kimoravia chini ya David Zeisberger, pamoja na Walenape (kabila la wenyeji wa Amerika) waliokuwa Wakristo, walikuwa wamejenga kijiji cha Schoenbrunn huko huko Ohio mwaka 1772. Kijiji jirani cha Gnadenhutten kiliangamizwa na wanamgambo wa Pennsylvania tarehe 8 Machi 1782, na Walenape 96 waliuawa, wakiwemo watoto. Kwa hiyo neno "kudumu" halikuja hivi hivi. Wapo waliotangulia ambao hawakuachwa wadumu.

Hata siku ile ya Aprili ufukwe haukuwa mtupu. Ng'ambo ya Muskingum palikuwa na Fort Harmar, ngome ya jeshi la Marekani iliyoanza kujengwa mwaka 1785, na moja ya kazi zake ilikuwa kuwafukuza wazungu waliovamia ardhi bila kibali. Waliojitokeza kuwapokea wageni walikuwa Walenape wapatao 70 pamoja na kiongozi wao Hopocan, ambaye Waingereza walimwita Captain Pipe. Na juu ya mabonde kulikuwa na kazi za udongo za kale: majukwaa mapana ya mraba, njia yenye kuta iliyoshuka hadi mtoni, na kilima cha mazishi chenye kimo cha futi 30 hivi, kilichozungukwa na handaki. Zilijengwa na jamii ambazo wanaakiolojia huziita Adena na Hopewell, zaidi ya miaka 1,500 kabla ya mashua zile. Mchungaji Manasseh Cutler alihesabu pete za mti mmoja uliokuwa umeota juu ya kazi hizo mwaka 1788 akapata 463, akajua kwamba ujenzi ule ulikuwa mkongwe kuliko safari za Columbus.

Wapimaji wa mji walitenga baadhi ya kazi hizo ziwe viwanja vya umma, na kwa zama zile hilo lilikuwa jambo la nadra na la kusifiwa. Kilima cha mazishi kimesalimika kwa sababu tangu 1801 kiko ndani ya makaburi ya mji. Kuta za ile njia hazikuwa na bahati hiyo: katika karne ya 19 udongo wake ulichimbwa ukafyatuliwa matofali.

Dhana: Waanzilishi walijiendea tu, na ardhi ilikuwa ya bure

Hapa ndipo kosa kubwa zaidi lilipo. Marietta ilikuwa biashara ya hisa. Maofisa waliopigana vita vya uhuru, wakiongozwa na Rufus Putnam, walikuwa wamelipwa na serikali kwa hati za deni ambazo sokoni zilikuwa zimeporomoka thamani. Mwaka 1786 waliunda Ohio Company of Associates. Hisa moja iligharimu dola 1,000 za hati hizo, pamoja na dola 10 za dhahabu kwa gharama za uendeshaji. Oktoba 1787 kampuni ilisaini na serikali mkataba wa ekari milioni 1.5 kwa dola milioni moja, nusu ikilipwa mwanzo. Kwenye karatasi ekari ilikuwa kama senti 66. Kwa kuwa malipo yalifanywa kwa hati zilizochakaa thamani, gharama halisi ilikuwa sehemu ndogo tu ya hiyo.

Nusu ya pili haikulipwa. Mwaka 1792 Bunge la Marekani lilikubali kampuni ibaki na ardhi iliyokwisha kulipiwa pamoja na ile waliyoahidiwa wanajeshi kwa utumishi wao. Hisa moja ikatoa ekari 1,173, lakini si kipande kimoja: kulikuwa na vipande vya ekari 3, 8, 100, 160, 262 na 640, pamoja na kiwanja cha nyumba mjini cha futi 90 kwa 180. Vipande viligawiwa kwa kura. Kura ilizuia upendeleo, lakini mtu aliweza kuwa na nyumba mjini, bustani upande mwingine na shamba mbali kabisa, asione mahali pa kuweka nguvu zake.

Kikosi cha kwanza nacho kilikuwa kikosi cha kazi. Kampuni iliagiza wapimaji 4 na wasaidizi wao 22, waunda mashua 6, maseremala 4, mhunzi mmoja na vibarua. Wafanyakazi wa kawaida walilipwa dola 4 kwa mwezi, kila mmoja akija na bunduki yake. Walipitisha majira ya baridi njiani. Kwenye Mto Youghiogheny, Pennsylvania, waliunda mashua yenye urefu wa futi 45 na upana wa futi 12, wakashuka nayo na vyombo vidogo. Hakukuwa na mwanamke wala mtoto, maana kazi ilikuwa kupima, kufyeka na kujenga ili familia zikute pa kuishi. Mpango wa mitaa ulikuwa umeamuliwa Massachusetts kabla ya yeyote kati yao kuondoka.

Ardhi ya bure ilikuja baadaye, nayo ilikuwa na kazi yake. Mwaka 1792 Bunge lilitoa ekari 100,000 ili kila mwanaume mtu mzima atakayehamia apewe ekari 100. Kampuni iliweka masharti: nyumba ya futi 24 kwa 18, ekari 15 za malisho, ekari 5 za kulima, miti 50 ya tufaha au peasi na 20 ya pichi, tena mwenye shamba awe na silaha. Eneo lenyewe lilikuwa upande ule mashambulizi yalikotokea, hivyo mkulima wa bure alikuwa pia ukuta wa wenye hisa.

Dhana: Mkataba ulileta amani, na jembe likaleta chakula

Mkataba wa Fort Harmar, kati ya Marekani na makabila ya wenyeji, ulisainiwa Januari 1789, lakini Washawnee na Wamiami hawakuukubali, na hata waliosaini walilazimishwa kuthibitisha mipaka waliyokuwa wakiilalamikia. Putnam aliona mapema. Alijenga Campus Martius, boma la futi 180 kila upande, nyumba zikiwa ndiyo kuta na minara kwenye pembe, kwa mbao nene za inchi 4 zilizopasuliwa kwa misumeno ya mkono. Tarehe 2 Januari 1791 kituo cha Big Bottom, juu ya Muskingum, kilishambuliwa. Hakikuwa na uzio uliokamilika wala walinzi. Kwa miaka minne iliyofuata watu walilima huku wenzao wakishika zamu na bunduki, hadi mkataba wa Greenville wa mwaka 1795, uliowaondolea wenyeji sehemu kubwa ya Ohio.

Njaa ilitangulia vita hivyo. Mashamba mapya hayakung'olewa visiki: mti ulikatwa pete kwenye gome ukakauka ukiwa umesimama, na mahindi yakapandwa katikati. Mazao yalikuwa mazuri, ila msimu wa 1789 wengi walichelewa kupanda na baridi kali ya Oktoba ikayakuta mahindi bado mabichi. Yaliyovunwa yakaota ukungu na kuwatapisha watu. Mwaka 1790 familia zilichemsha machipukizi ya mimea iwashayo ya porini na majani ya viazi zikisubiri mavuno mengine.

Dhana: Mji wa mtoni hauwezi kuunda meli za baharini

Kutoka Marietta hadi bahari kwa kufuata Ohio na Mississippi ni zaidi ya maili 1,700, lakini kati ya 1800 na 1808 mji ulishusha majini merikebu zaidi ya ishirini za tanga. Ya kwanza, St. Clair, yenye tani zaidi ya 100, ilikamilika 1800. Chini ya nahodha Abraham Whipple iliteremka hadi New Orleans, ikavuka hadi Havana, Cuba, ikamalizia Philadelphia.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Mialoni na mijozi ilisimama karibu na mto, katani ya kusokotea kamba ilistawi mashambani, na unga na nyama ya nguruwe havikuwa na barabara ya kuvusha milima kwenda mashariki. Meli ilikuwa shehena na chombo kwa pamoja: ilibeba mazao, kisha yenyewe ikauzwa pwani, maana kupanda mkondo kwa tanga hakukuwezekana. Tatizo lilikuwa kina. Meli ilipaswa kuondoka mto ukiwa umejaa, tena ipite maporomoko ya Louisville, ambako maji hushuka futi 26 hivi katika maili mbili. Chombo kilichochelewa siku chache kilikaa juu ya mawe hadi mafuriko yanayofuata.

Kilichoua kazi hiyo hakikuwa mto. Desemba 1807 Rais Jefferson alitia saini sheria ya kuzuia biashara ya nje, na viwanja vya meli na vya kamba vikafungwa.

Dhana: Upande wa Ohio mtu mweusi alikuwa huru na salama

Sheria ya Northwest Territory ya 1787 ilipiga marufuku utumwa, na watu wa Marietta walisimama imara: Ephraim Cutler, mwana wa Manasseh, aliutetea msimamo huo kwenye mkutano wa katiba ya Ohio mwaka 1802. Lakini kifungu kile kile cha 1787 kiliruhusu mtoro kukamatwa na kurudishwa. Mkutano huo huo uliwanyima wanaume weusi haki ya kupiga kura, kwa tofauti ya kura moja. Kuanzia 1807 mtu mweusi aliyehamia Ohio alitakiwa kuwa na wadhamini wa dola 500. Sheria hizo nyingi hazikufutwa hadi 1849.

Mto wenyewe ulikuwa mali ya Virginia, jimbo la ng'ambo lililoruhusu utumwa, hadi ukingo wa kaskazini. Mwaka 1845, karibu na Belpre, mji jirani wa Ohio, watu wa Virginia waliwakamata wanaume watatu wa Ohio waliokuwa wakiwapokea watoro kwenye ukingo, wakawapeleka jela ya Parkersburg, upande wa Virginia. Mahakamani ubishi ukawa maji yanahesabiwa kuishia wapi: hatua chache za matope ziliamua mtu yuko chini ya sheria ipi.

Dhana: Cincinnati iliizidi Marietta kwa sababu ni kongwe

Cincinnati ilianza Desemba 1788, miezi minane baadaye. Iliizidi kwa kuwa nyuma yake kuna ardhi pana yenye rutuba, ilhali Marietta imebanwa na vilima mara tu unapoacha bonde.

Dhana: Mabwawa ya Mto Ohio yanauzuia mji usifurike

Mabwawa hayo ni ya usafiri. Kazi yake, tangu mfumo ulipokamilika 1929, ni kuhakikisha kina cha angalau futi 9 wakati wa kiangazi. Mto ukijaa, milango hufunguliwa na maji hupita. Kinachopunguza mafuriko ni mabwawa ya juu ya Muskingum, yaliyojengwa baada ya janga la Machi 1913. Nayo yanadhibiti Muskingum tu. Ohio ikipanda, maji yake hurudi nyuma ndani ya mdomo wa Muskingum na kuingia mitaa ya katikati ya mji, hata kama Muskingum umetulia. Ndivyo ilivyokuwa Septemba 2004, mvua za mabaki ya kimbunga Ivan ziliponyesha juu ya bonde la Ohio.