Kaburu hakutoka kaburini

Wiki iliyopita nililetewa mswada wa kitabu cha historia nihariri. Ukurasa wa tatu tu, nikakutana tena na ile hadithi kuhusu Makaburu, Wazungu wa Afrika Kusini wenye asili ya Kiholanzi: "Makaburu waliitwa hivyo kwa sababu waliwajaza Waafrika makaburini." Nimeisikia darasani, nimeisikia redioni, nimeisikia hata msibani kutoka kwa mzee ninayemheshimu sana. Safari hii nimechoka kuifuta kimyakimya.

Kaburi ni qabr ya Kiarabu. Kiswahili hakikupenda konsonanti zile mbili zigongane, kikachomeka u baada ya b na kufunga neno kwa i. Neno lenyewe ni kongwe. Watu wa Pwani walikuwa wanalo kabla Mholanzi Jan van Riebeeck hajatia nanga Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652.

Kaburu ana ukoo mwingine. Ndani yake mna boer, neno la Kiholanzi lenye maana ya mkulima. Linatamkwa "buur", kwa u ya kuvuta. Anayelisoma kwa kufuata herufi, "bo-er", hawezi kuiona buru iliyolala mle ndani. Wasotho na Watswana, walioishi jirani na Makaburu, wanasema leburu, wingi wake maburu. Wazulu wanasema ibhunu. Sasa niambieni: Wasotho nao walilitoa neno lao kwenye kaburi letu la Kiarabu?

Halafu kuna sarufi, na hapa ndipo ninapokosa subira. Hakuna kanuni ya Kiswahili inayochukua jina la kitu lililoishia na i, ikageuza irabu hiyo kuwa u na kupata mtu. Kama tungetaka mtu kutokana na kaburi tungesema mchimba kaburi. Masikio yetu wenyewe yanajua kwamba haya ni maneno mawili: makaburi yale yamefukuliwa, makaburu wale wamefukuzwa. Hakuna mtoto wa darasa la pili anayechanganya upatanisho huo. Kufanana kwa sauti si ushahidi wa undugu. Mbuzi na mbuzi ya kukunia nazi vinafanana hadi herufi ya mwisho, na hakuna anayeenda kukamua maziwa kwenye mbuzi ya jikoni.

Lakini naelewa kwa nini hadithi hii haifi. Tarehe 21 Machi 1960, polisi wa Afrika Kusini waliua watu 69 pale Sharpeville. Wakimbizi wa siasa walifika Dar es Salaam, na baadaye ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ilijenga shule Mazimbu, Morogoro. Kizazi kizima cha Watanzania kililipokea neno "makaburu" kutoka kwenye taarifa ya habari, likiwa limebeba vifo. Maumivu yale ni ya kweli, nami siyadharau. Asili ya neno tu ndiyo iliyo kwingine.

Ndiyo maana kidahizo hiki, yaani neno kaburu linapoorodheshwa kwenye kamusi, kinahitaji maana mbili, tena zitenganishwe. Ya kwanza ni mtu wa jamii ile ya Afrika Kusini iliyotokana na walowezi wa Kiholanzi, waliochanganyika na Wajerumani, na Wafaransa wa Kiprotestanti waliofika tangu 1688. Ya pili ni mbaguzi wa rangi, au mtawala wa enzi ya ubaguzi. Maana ya pili ni halali, imezaliwa kwetu na inatumika. Tatizo ni kuzitumia zote mbili kwa pumzi moja.

Mtazameni Bram Fischer. Kaburu wa damu, babu yake alikuwa waziri mkuu wa Koloni la Mto Orange. Ndiye aliyeongoza mawakili wa utetezi wa Mandela na wenzake katika kesi ya Rivonia, na mwaka 1966 yeye mwenyewe akahukumiwa kifungo cha maisha. Kwa upande mwingine, Hendrik Verwoerd, aliyeujenga mfumo wa ubaguzi kuliko karibu mtu yeyote, alizaliwa Amsterdam mwaka 1901. Hakuwa mzao wa wale walowezi wa Rasi hata kidogo. Na wengi wa wanaozungumza Kiafrikana leo si weupe. Kwa hiyo kumwita kila Mzungu wa Afrika Kusini kaburu, akiwemo yule wa asili ya Kiingereza aliyekuja kuchimba dhahabu, ni uvivu.

Tena kwetu Makaburu hawakuwa watu wa kusikika redioni tu. Baada ya kushindwa na Waingereza mwaka 1902, baadhi yao walihama. Wengine walilima karibu na Mlima Meru chini ya Wajerumani. Mwaka 1908 msafara wa Jansen van Rensburg ulishuka Mombasa, ukapanda treni hadi Nakuru, kisha ukakokota magari ya ng'ombe kupanda Uasin Gishu. Mji uliokuja kuitwa Eldoret ulianzia kwenye shamba namba 64, na wenyeji waliigeuza namba hiyo ya Kiingereza ikawa Sisibo. Masikio yaliyoifanya "sixty-four" iwe Sisibo hayashindwi kuifanya "boer" iwe buru.

Mswadani nilifuta sentensi nzima, nikaandika pembeni: "Kutoka Kih. boer, mkulima." Jana jioni mwandishi, mwalimu kijana wa sekondari, akanipigia. "Shikamoo mzee. Buru nimeikubali. Sasa hiyo ka- imetoka wapi?"

Hilo ndilo swali ambalo kamusi hulipita harakaharaka. Nilimwambia naegemea kwenye ka- ya udogo, ile ya katoto na kamtu, inayosikika zaidi bara kuliko Pwani, na ambayo mara nyingi hubeba dharau. Ila wingi wake ungekuwa tuburu, na hakuna anayesema tuburu. Labda ka- iliganda kwenye shina kabla ma- haijafika. Siwezi kuliapia hilo. Akaniomba niandike "labda" kwenye ukingo wa ukurasa, nami nimeiandika.