Miaka mitano haimsafishi daktari

Uingereza wapo wanaoamini kwamba daktari aliyemdhalilisha mgonjwa kingono haguswi tena ikishapita miaka mitano. Si kweli, na imani hiyo huwanyamazisha waathirika.

Kanuni za mwaka 2004 za GMC, baraza linalosajili madaktari, huzuia kweli malalamiko ya tukio lililopita miaka mitano. Lakini zina mlango: msajili anaweza kuruhusu shauri liendelee kwa maslahi ya umma. Miaka huhesabiwa tangu tukio la mwisho. Aliyeshikwashikwa chumba cha uchunguzi mwaka 2012 hadi 2019, hesabu yake huanza 2019.

Polisi ni njia nyingine kabisa: kule ubakaji hauna ukomo wa kushtakiwa. Kwangu, kumwekea kikomo mtu aliyeganda kwa hofu ni kumwonea.