"Mwili umekataa chuma": yanayotokea hasa kando ya plati, wavu na uzi

Malalamiko ya "mwili umekataa chuma" yameongezeka hapa Mombasa, hasa kutoka kwa waliovunjika katika ajali za bodaboda na waliowekewa wavu wa ngiri. Tunaomba neno hilo liachwe. Figo ya mtu mwingine hukataliwa kwa sababu seli za kinga huitambua kwa alama zake kuwa nyama ya mwingine. Titani (metali nyepesi), chuma cha pua (kisichoshika kutu) au polipropilini (plastiki ya wavu) havina alama hizo. Mwili huvishughulikia kwa njia nyingine, na njia hiyo ina ratiba yake.

Sekunde chache baada ya kuwekwa, kifaa hufunikwa na protini za damu, zikiwemo albumini na faibrinojeni. Seli za kinga hukutana na utando huo kabla ya chuma chenyewe, na jinsi protini zilivyojipanga huathiri mwenendo wao. Ndani ya saa chache hufika nyutrofili, seli nyeupe za damu zenye kazi ya kuua vijidudu. Siku ya pili au ya tatu makrofaji, seli kubwa za kinga, hushika zamu. Mwanzoni huwa kali: hula mabaki na kuita seli nyingine, ndiyo maana mahali huvimba na kupata joto. Mambo yakienda sawa, hubadili tabia na kuhimiza mishipa midogo ya damu na kolajeni, protini inayojenga kovu. Zikikuta kitu kikubwa zisichoweza kukimeza, huungana kuwa seli moja kubwa, na baada ya wiki mbili hadi nne kifaa huwa kimevikwa ala nyembamba ya kovu. Ugumu unaousikia ukibonyeza juu ya wavu mara nyingi ni ala hiyo. Usiukande kwa mafuta ya moto. Ukiendelea kukua au kuuma, uonyeshe kliniki.

Umbo la kifaa lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Tundu lililo chini ya maikromita 10 (maikromita 1,000 ni milimita 1) hupitisha bakteria, mwenye upana wa maikromita 1 hivi, lakini makrofaji hazipenyi, kwa hiyo bakteria hupata maficho. Matundu yakizidi maikromita 75, makrofaji, mishipa na kolajeni hupita, na wavu hushikana na nyama. Nyavu nyingi za kisasa zina matundu ya zaidi ya milimita 1. Anayelalamika kwamba "neti ina mashimo" ameona kilichokusudiwa.

Uzi nao una mambo yake. Hariri ya kusokotwa huficha bakteria kati ya nyuzi zake: jaribio la watafiti Elek na Conen la 1957 lilionyesha kuwa pakiwa na uzi, bakteria wachache mno kuliko kawaida hutosha kuleta usaha. Uzi wa poliglaktini, ambao hautolewi, huyeyushwa na maji ya mwili. Hupoteza kama nusu ya nguvu zake kwa wiki tatu na kwisha kati ya siku 56 na 70. Katika kipindi hicho fundo laweza kuchomoza kama chunusi. Usilivute. Ukilivuta unaburuza bakteria wa ngozi kuingia ndani.

Kahawa ya unga, majivu na dawa ya meno havipakwi kwenye mshono. Tumelisema katika kila kampeni. Kila chembe ni kitu kigeni kipya, na makrofaji hubaki katika ukali bila kufikia hatua ya kujenga. Dawa za steroidi kama prednisoloni au deksamethasoni za kununua bila cheti cha daktari hufanya kinyume: huzizima seli hizo na kolajeni haijengwi, mshono ukaachana. Sukari ikiwa juu, nyutrofili huwa dhaifu. Mzio wa nikeli, iliyomo katika chuma cha pua aina ya 316L, upo ingawa si wa kawaida. Anayewashwa na hereni amwambie daktari kabla ya upasuaji.

Rudi hospitali siku hiyohiyo ukiona wekundu unaosambaa, usaha, homa ya nyuzi 38 au zaidi, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Penye kifaa, maambukizi hufuatiliwa hadi siku 90, si mpaka siku ya kutolewa nyuzi. Usianze antibiotiki za duka la dawa: bakteria walioshika chuma hujijengea utando unaozuia dawa, na dozi ya kubahatisha huharibu kipimo cha usaha, ambacho huchukuliwa kabla ya dawa kila inapowezekana.

Kuhusu malalamiko: kabla ya kuruhusiwa, omba nakala ya stika ya kifaa iliyobandikwa kwenye faili. Huonyesha mtengenezaji, nambari ya REF (ya bidhaa) na nambari ya LOT (ya kundi la utengenezaji). Hitilafu ya kifaa huripotiwa kwa Bodi ya Famasia na Sumu, PPB. Mwenendo wa daktari hupelekwa kwa KMPDC, baraza linalosimamia madaktari nchini Kenya, ambalo laweza kusimamisha leseni au kumfuta kwenye rejista. Kuchanganya ofisi hizi mbili huchelewesha faili lako mwenyewe. Sheria ya Afya ya 2017 inakupa haki ya kulalamika na lalamiko lako kuchunguzwa. Andika tarehe ya upasuaji, hospitali, dalili na siku zilipoanza. Kifaa kikitolewa, omba kihifadhiwe kwenye chombo chenye jina lako na tarehe, kisitupwe, kwa kuwa uchunguzi huanzia hapo.