Je, wajua kwa nini mpira wa Mariano Rivera ulivunja magongo?

Kwa karibu miaka 17, mrushaji huyu wa New York Yankees alitegemea zaidi aina moja tu ya mpira, na wapigaji wa besiboli walijua fika kwamba ndio unaokuja. Mbona uliwashinda?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mpira ule ulikuja umenyooka kama mshale, na ukikaribia gongo ukakata kona ghafla. Wapigaji wenyewe husimulia hivyo. Lakini hakuna mpira unaosubiri hewani ndipo ugeuke. Mpira unaozunguka husukumwa pembeni na hewa, kama ule wa adhabu unaopinda kuukwepa ukuta wa mabeki, na msukumo huo huanza pale pale unapotoka mkononi.

Litazame embe likidondoka kutoka mita 5 hivi. Hufika chini kwa sekunde moja. Nusu sekunde ya kwanza hushuka mita moja na robo tu. Zilizobaki, karibu nne, huzimaliza katika nusu ya pili. Nguvu inayolivuta ni ileile tangu kikonyo kilipokatika. Kilichoongezeka ni mwendo.

Mpira wa Rivera ulifanya hivyo hivyo, ila kwa kwenda pembeni. Kati ya mrushaji na mpigaji kuna mita 18.44, na mpira wa kilomita 150 kwa saa huzimaliza kwa chini ya nusu sekunde. Tuseme utahama sentimita 12 kwa jumla. Nusu ya muda ikiisha, umehama 3 tu, na mpigaji hana budi kuwa ameanza kuamua. Hizo 9 zilizobaki zinamkuta gongo likiwa njiani, nalo pale penye unene wake wote halifiki sentimita 7. Jicho lake basi halikukosea sana: sehemu kubwa ya kuhama hutokea mwishoni kweli. Anayetumia mkono wa kushoto ndiye aliyeumia zaidi, kwa sababu mpira ulimfuata mikononi, ukagonga sehemu nyembamba juu kidogo ya mshikio, na mti ukapasuka.

Hesabu hii haielezi mkono ule uliupata wapi mzunguko wenyewe. Rivera amesimulia kwamba Juni 1997 alikuwa akirushiana mpira na mwenzake Ramiro Mendoza, ukaanza kuhama bila yeye kukusudia. Yeye na kocha Mel Stottlemyre walijaribu kuunyoosha, wakashindwa. Mwenyewe aliuita zawadi ya Mungu.

Mwaka huo ndipo alipokabidhiwa kazi ya kufunga mchezo, yaani kuingia mwishoni na kulinda uongozi mwembamba. Miaka miwili nyuma, 1995, alikuwa akirusha tangu mwanzo wa mchezo na wapigaji wakimwadhibu vibaya, na klabu ilifikiria kumtoa kwa timu nyingine. Mtoto huyu wa mvuvi wa Puerto Caimito, Panama, aliyecheza utotoni kwa glavu za maboksi ya maziwa, alistaafu akiwa ameokoa michezo 652, na hakuna aliyemfikia hadi leo. Mwaka 2019 wapiga kura wote 425 walimchagua kuingia kwenye Jumba la Mashujaa wa besiboli. Kabla yake hakuna aliyepata kura zote.

Msimu wake wa mwisho, 2013, wapinzani wake Minnesota Twins walimuaga kwa kiti cha kubembea. Kilikuwa kimeundwa kwa magongo yaliyovunjika.