"Sikuvuta triga": kwanza tujue ni kipande gani kilisogea

Kila ikitoka habari ya bastola iliyofyatuka ikiwa kiunoni mwa mtu na mwenyewe anasema hakuvuta triga, simu yangu inajaa meseji na swali ni lilelile, hivi bastola inaweza kujifyatua kweli au huyo jamaa anaficha kidole chake? Kazi yangu ni kuzifungua hizi bastola na kuzikagua, na kinachonisumbua kwenye huu ubishi ni kwamba "mtu alivuta triga" na "triga ilirudi nyuma" watu wanazichukulia kama sentensi moja, wakati mezani kwangu ni kesi mbili tofauti. Kuna na ya tatu, triga haikuguswa kabisa ila kipande cha ndani kiliteleza.

Ili risasi itoke lazima pini igonge ile fataki iliyo kwenye kitako cha risasi, na igonge kwa nguvu ya kutosha. Basi. Sefti zote unazozisikia zinafanya kazi ya kuizuia pini isifike pale, zinatofautiana tu zinazuia wapi. Ile swichi ya kidole gumba ambayo wengi wanadhani ndo sefti yenyewe, kwenye bastola nyingi inafunga triga au ile ndoano inayoshikilia nyundo na haiigusi pini hata kidogo. Ndo maana Colt 1911 za zamani zikianguka na kutua kwa mdomo, pini ilikuwa inaweza kujisukuma mbele kwa mwendo wake yenyewe ikagonga fataki, nyundo ikiwa imetulia pale ilipo. Mwaka 1983 Colt wakaleta Series 80 yenye kizuizi cha pini, yaani kichuma kidogo chenye springi kinachokaa njiani mwa pini mpaka triga ivutwe ndo kinyanyuke. Rivolva za Colt za 1873, yaani bastola za silinda inayozunguka, nazo zilikuwa na shida yake, pini iko kwenye nyundo na inakaa juu ya fataki moja kwa moja, kwa hiyo wenye akili walikuwa wanaweka risasi tano tu kwenye nafasi sita na nyundo inakaa juu ya tundu tupu. Ruger nao walitengeneza rivolva za mtindo huohuo mpaka 1973, ndo wakaweka kipande ambacho kisipopandishwa na triga nyundo haiwezi kuifikia pini, na zile za zamani wanazibadilisha bure. Kama unayo ya kurithi ambayo haijabadilishwa, tafadhali sana ipeleke.

Sasa tuje kwa bastola ya P320 ya kampuni ya SIG Sauer maana ndo inayozungumzwa kuliko zote. Ilitoka 2014, jeshi la nchi kavu la Marekani likaichagua Januari 2017 kwa majina ya M17 na M18, na Agosti mwaka huohuo zikatoka video zikionyesha kwamba ukiidondosha ikatua kwa kisogo cha slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma ikifyatuka, imelala kama digrii 30, inafyatuka. Hapo hakuna kidole. Triga yenyewe ilikuwa nzito, bastola ikisimama ghafla sakafuni triga bado ina mwendo wake, inaendelea kurudi nyuma na inafanya kila kitu ambacho kidole kingefanya, pamoja na kukinyanyua kile kizuizi cha pini. Kizuizi hakikuharibika, kilitii amri ya triga kama kilivyotengenezwa. Kampuni ikatangaza maboresho ya hiari, triga nyepesi na vipande vingine vya ndani vikabadilishwa. Na kumbuka bastola ilikuwa imeshapita majaribio ya kawaida ya kudondoshwa, ile pembe haikuwa mojawapo ya zile zinazojaribiwa.

Malalamiko yaliyofuata ni ya aina nyingine, watu wanasema imefyatuka ndani ya holsta, yaani mfuko wa bastola, bila kuanguka. P320 straika yake, yaani pini inayosukumwa na springi, inakaa imeshavutwa karibu yote kabla hujagusa triga, si kama Glock ambayo inakaa nusu na triga ndo inamalizia, kwa hiyo ndoano inayoishikilia straika ikiachia kwenye P320 kuna nguvu ya kutosha kugonga fataki na kinachobaki hasa ni kile kizuizi cha pini. Ili ifyatuke bila triga kusogea inabidi ndoano iteleze na kizuizi nacho kishindwe, vyote kwa wakati mmoja. Hilo ni gumu lakini vipimo vya vipande vikipishana au uchafu ukijaa siwezi kusema haliwezekani. Kampuni inasema bastola haifyatuki bila triga kuvutwa. Mwaka 2024 baraza la mahakama, yaani raia wanaoamua kesi, kule Georgia liliamuru mlalamikaji alipwe dola milioni 2.35, na la Philadelphia dola milioni 11. Halafu Julai 2025 mwanajeshi wa anga akafa kwa M18 kwenye kambi ya F.E. Warren, Wyoming, kamandi yao ikasimamisha bastola hizo, mtandaoni watu wakahukumu siku hiyohiyo, na wiki chache baadaye mwanajeshi mwingine akakamatwa kwa tuhuma za kuua bila kukusudia na kutoa taarifa ya uongo, bastola zikarudishwa kazini. Wale walioapa ni bastola walikuwa na haraka, ila hata wanaotumia tukio hilo kufuta malalamiko yote mengine wana haraka ileile.

Na mtu akisema hakuvuta anaweza kuwa anasema kweli anavyoijua yeye. Ukishtuka, ukiteleza, au mkono mmoja ukikaza kitu kwa nguvu, vidole vya mkono wa pili hukaza pia bila wewe kuamua. Kamba ya jaketi au ncha ya holsta laini iliyochakaa ikiingia mbele ya triga nayo inavuta tu, haina tofauti na kidole.

Kinachoniuma ni kwamba Marekani, ambako kesi nyingi ziko, tume ya usalama wa bidhaa imekatazwa na sheria kuzigusa silaha, inaweza kuamuru kibaniko cha mkate kirudishwe kiwandani ila bastola haiwezi. Ndo maana unasikia "maboresho ya hiari", na ndo maana majibu yanatafutwa mahakamani miaka na miaka baada ya mtu kuumia.

Kwa hiyo ikikutokea, mtutu uelekee pasipo na mtu, mhudumie aliyeumia, halafu bastola iache kama ilivyo, kwenye holsta yake kama iko kwenye holsta, mpaka afike anayejua kuikagua. Ganda likibaki kwenye chemba bila kutoka linaniambia slaidi ilibanwa na kitu, pengine holsta yenyewe. Alama ya pini kwenye fataki inaniambia pini iligonga kwa nguvu kiasi gani na kama ilikuwa katikati. Kuna mzee mmoja aliniletea yake ikang'aa, ameisafisha na kuipaka mafuta usiku uleule kwa sababu alikuwa anatetemeka na mikono ilihitaji kitu cha kufanya. Nilimuelewa kabisa. Ila ganda alishalitupa, uchafu uliokuwa kwenye kizuizi umeshafutwa, na mguu wake una tundu ambalo mimi siwezi kumwambia lilitokana na nini.