Kupumzika kiakili ni nini hasa?

Ukimwambia mtu apumzike anakujibu mbona jana nimeshinda nyumbani, ila ukimdadisi unakuta huko nyumbani alikua anajibu meseji za kazini, anawaza madeni, anapigia hesabu wiki ijayo, sasa hapo mwili umekaa lakini kichwa hakijakaa. Kupumzika kiakili ni kukitoa kichwa kwenye mambo yanayokuelemea kila siku, kwa muda, iwe dakika kumi au wiki mbili.

Mwaka 2007 watafiti wa saikolojia Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz walitoa dodoso la kupima watu wanavyopumzika baada ya kazi, na mle kuna mambo manne: kuachana na kazi kimawazo, kutulia, kujifunza au kufanya kitu kipya kinachokukuna kichwa nje ya kazi, na kujiamulia mwenyewe muda wako unautumiaje. Mi naona hilo la mwisho ndo linasahaulika sana, maana mama anayelea watoto wadogo hana bosi lakini hana hata nusu saa ya kwake, anachoka vibaya na hakuna anayemhesabia kua yuko kazini. Na hilo la tatu linamaanisha sio lazima ulale, mwingine anapona kwa kucheza mpira au kujifunza gitaa.

Kinachotokea mwilini ni hivi, ukiwa na msongo wa mawazo mwili unamwaga homoni kama adrenalini na kotisoli, mapigo ya moyo yanapanda, misuli inakaza, na kwa muda mfupi hiyo inasaidia kabisa. Shida inakuja pale jambo limebaki ofisini ila wewe uko nalo kitandani saa sita usiku, mwili unaendelea kukaa tayari kama vile bado uko pale pale, usingizi unapungua, hasira zinakua karibu.

Sasa wengi wanasubiri likizo ya mwaka ndo wapumzike, lakini tafiti zinaonyesha nafuu ya likizo huwa inaisha ndani ya wiki chache tu baada ya kurudi kazini, kwa hiyo vipumziko vidogo vya kila siku vina kazi kubwa kuliko tunavyodhani, mfano kuzima simu jioni au kutembea kidogo peke yako. Ila kama umepumzika na bado huzuni imekuganda zaidi ya wiki mbili na hakuna kinachokufurahisha, hiyo inaweza kua sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kali, nenda kamuone daktari au mshauri nasaha.