Filamu ya King Crimson nilivyoiskia mie, mpiga vumi wa Lamu

Juma lilopita nlikaa darini na vijana wangu wa ngoma hapa Mkomani, laptopu moja spika moja, tukaangalia ile dokumentari ya Toby Amies kuhusu King Crimson, In the Court of the Crimson King: King Crimson at 50, ya 2022. Kazi yangu ni ngoma, vumi na chapuo, harusini na kwenye goma, na hao vijana ndo nawafundisha, kwa hiyo sitaizungumza kama mtu wa filamu, ntaizungumza kama mtu anaeskiliza mkono umeanguka wapi.

Kwa wasoijua hiyo bendi: walianza mazoezi London Januari 1969, Julai wakapiga Hyde Park kuwatangulia Rolling Stones, Oktoba albamu ya kwanza ikatoka, na Disemba wawili washaondoka, Ian McDonald na Michael Giles. Yote hayo mwaka mmoja! Toka hapo bendi imevunjwa ikafufuliwa ikavunjwa tena, wamepita watu zaidi ya 20, na aliebaki mwanzo mpaka mwisho ni mmoja tu, mpiga gitaa Robert Fripp. Muziki wao ndo ile roki inaitwa progresivu, nyimbo ndefu, jazi imo, okestra ya Kizungu imo, na mapigo hayaendi nne nne.

Hapo kwenye mapigo nikae kidogo maana ndipo watu wengi wanapoikimbia. Chakacha yetu mwaijua, ina mapigo sita, mmoja anayahesabu mara mbili tatu tatu na mwenzake anayahesabu mara tatu mbili mbili, na wote wanatua pahali pamoja, ndo maana kiuno kinajua pa kurudi. Sasa hawa wa 1981, Fripp na Adrian Belew kwenye magitaa, Tony Levin besi, Bill Bruford dramu, wao wanakwenda mbele zaidi: magitaa mawili yanaanza pamoja mzunguko wa noti 14, halafu mmoja anaangusha noti moja abaki na 13. Mzunguko wa kwanza ametangulia noti moja, wa pili noti mbili, wa tatu tatu, wanaachana taratibu kama madau mawili yalong'oa nanga pamoja. Ukiwaacha wakutane wenyewe bila kukatizwa lazima wa 13 azunguke mara 14 na wa 14 azunguke mara 13, yani noti 182. Anaeskia juujuu atasema wamepoteana, lakini kila mmoja anajua yuko wapi na mwenzake yuko wapi, na hiyo wallahi ni kazi ya kichwa na mkono kwa pamoja.

Filamu yenyewe haikuelezei haya, na mie naona ingefaa ieleze hata dakika tano. Ilichofanya ni kukuonesha wanacholipa kuyafikia. Haikwendi kwa mpangilio wa miaka, Amies yuko nao safarini, mahotelini na nyuma ya jukwaa, sauti yake waiskia akiuliza maswali, na Fripp hampi raha. Kuna pahali anaulizwa jambo akanyamaza, akanyamaza, kamera haikukatwa, na darini kwetu hakuna aliesema neno. Kijana wangu mdogo akaniuliza, "Ami, mbona huyu mzee hacheki?" Nkamwambia mwangalie mkono, mzee wa umri ule bado anafanya mazoezi kila siku, saa nyingi, kama mwanafunzi.

Mwaka 2014 waliporudi waliweka dramu tatu mbele ya jukwaa na magitaa nyuma: Pat Mastelotto, Bill Rieflin, Gavin Harrison. Vijana walifurahi sana hapo, maana kwetu ngoma ndo mbele. Na uzuri ni kuwa hawapigi kitu kimoja watu watatu, wanagawana, mmoja anaacha nafasi mwenzake anaijaza, kama vile msondo, chapuo na vumi kila moja ina neno lake na haimkatizi mwenzake. Haya mambo nawapigia kelele kila siku na safari hii wameyaona kwa macho.

Lakini alienikaa moyoni ni Rieflin. Ana kansa, anajua inampeleka wapi, na bado anapanda jukwaani, wakati huo yuko kwenye kinanda, na akizungumza anazungumza polepole bila kujionea huruma. Alifariki Machi 2020, filamu haijamalizika. McDonald nae, yule aliondoka 1969, anamuomba Fripp radhi mbele ya kamera baada ya nusu karne, na akafariki Februari 2022, mwezi mmoja tu kabla ya filamu kuoneshwa mara ya kwanza. Belew bado ana donda la kuachwa nje ya kikosi cha mwisho. Mie nimezika wapiga ngoma wenzangu, najua ukishika vumi alokuwa akilipiga mtu mwengine mkono wako unaanza kumtafuta, na ndo maana naona Amies alifanya vyema kuacha tarehe akafuata watu. Onesho lao la mwisho lilikuwa Tokyo, Disemba 2021.

Tulipomaliza ilikuwa washapita isha zamani, nkawaambia haya leteni ngoma. Chapuo kashika 14, msondo kashika 13, mie kwenye vumi nawawekea pigo la kurudia. Mara ya kwanza walifika mzunguko wa nne wakavutana. Mara ya sita wakafika wa tisa. Alkhamisi tunaendelea.